Anayejibu Mwisho

Kapseret, 12 Juni

Mburu wangu,

Cate amenitumia daftari hili kutoka Nairobi. Ndani ameandika: "Mama, badala ya kuongea na ng'ombe, andika." Sijui nani alimwambia naongea na ng'ombe. Ni Rael tu, hakuna jirani mwingine anayepita hapa alfajiri. Basi nimeona nikuandikie wewe.

Imebaki miezi mitatu mwaka uishe tangu uende. Nilienda kwa Fatha nikamwomba aje aseme misa yako hapa nyumbani, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Septemba, kando ya kaburi. Akasema, "Nitakuja, Mama Cate, bora jumuiya yenu iwe inakutana. Misa ya nyumbani ni ya jumuiya, si ya mtu mmoja." Nikamwambia hiyo si shida. Jumuiya yetu ya sala ya Mtakatifu Monika haijakosa Alhamisi tangu turudi hapa baada ya fujo za kura. Hata wiki tuliyokuzika ilikutana, ikakutana kwetu.

Hicho tu ndicho nataka mwaka huu. Misa yako, hapa, na watu wote wakiwa ndani ya boma.

15 Juni

Mvua. Mahindi yamefika magotini. Redio ilikuwa imejaa wanasiasa, nikaifunika na kofia yako kama ulivyokuwa ukifanya. Bado haizimiki kwa kofia. Nilicheka peke yangu.

19 Juni

Jumuiya ilikuwa kwa Musimbi. Bado ni karani pale tunapopeleka maziwa, na mdomo wake bado hauna breki. Alitupikia mandazi magumu, akasema ni ya kutufundisha uvumilivu.

Wakati wa maombi kila mtu alitoa lake kwa sauti, tukajibu sote, "Ee Bwana, utusikie." Wewe na lile sikio lako la kushoto lisilosikia vizuri ulikuwa unajibu wa mwisho, peke yako, sisi tukiwa tumeshanyamaza. Musimbi alizoea kusema, "Tungojeni, Mburu bado yuko kwa stage, anangoja matatu."

Nitakuambia kitu ambacho hata Cate sijamwambia. Tangu ufe, najibu mara mbili. Mara ya kwanza na wenzangu, hiyo ni yangu. Kisha nangoja kidogo, najibu tena polepole, hiyo ni yako. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Labda wanadhani ni uzee.

Sanamu ya Mama Maria nimekuja nayo, maana Alhamisi ijayo ni zamu yetu. Kidole chake bado kimevunjika. Nimeiweka pale kando ya picha yako.

26 Juni

Leo sijui nianzie wapi.

Watu walikuja kumi na sita. Unajua jinsi nchi ilivyo. Hukuishi kuiona vizuri. Watu wetu Wakikuyu na watu wa hapa walipiga kura pamoja, wakala sahani moja, na sasa wakubwa wamekosana na sisi wadogo tumeanza kuangaliana. Huko barabarani vijana wa boda boda mmoja akipiga kelele "Wantam!", rais aende baada ya muhula mmoja, mwingine anajibu "Tutam!", apewe wa pili, na wanacheka. Sisi watu wazima hatucheki. Jana na leo kuna klipu inazunguka kwa simu, mtu fulani anatukana kabila fulani. Mimi sikuiona. Lakini wote waliingia hapa wakiwa wameiona, na ilikaa nao kwenye viti kama mgeni.

Musimbi alijaribu. "Mama Cate, hii chai yako inanukia mpaka kwa uwanja wa ndege. Rubani atashuka." Wachache walitabasamu.

Maombi yakaanza. Tukaombea wagonjwa. Tukaombea mvua isizidi. Nikatoka kuchukua thamosi na vikombe, na nilipokuwa narudi Kipngetich, mwenyekiti wetu, mume wa Rael, mzaliwa wa hapa, alikuwa anaomba. Alikuwa amefumba macho. Alisema hivi, maana baadaye nimerudia maneno yake mara nyingi:

"Tuwaombee wale wanaoishi katikati yetu, wanakula matunda ya nchi hii, na mioyo yao iko kwingine. Bwana, uwarudishe mahali mioyo yao iko. Tuombe kwa Bwana."

Mimi nilikuwa mlangoni, mikono imejaa vikombe, nikiwaza kwamba zulia limelowa na matope. Sikuyafikiria maneno. Nilijua tu kwamba jibu langu limenipita, limebaki lako. Nikangoja ule muda wako. Nikajibu, na kwa sababu nilikuwa mbali nikajibu kwa nguvu:

"Ee Bwana, utusikie."

Mburu, hakuna mwingine aliyekuwa amejibu. Hata mmoja. Hata Rael. Sauti yangu ilitembea nyumba nzima peke yake. Kipngetich akafumbua macho akaniangalia. Waiyego, yule mama mwenye duka pale njia panda, alichukua mwavuli wake akatoka bila kuaga, na nyuma yake wakatoka wote wa kwetu. Chai ilibaki.

Nimejiombea nifukuzwe. Au vipi? Sijui nimeomba nini.

27 Juni

Nimemwaga chai. Ng'ombe hawakuitaka.

29 Juni

Kanisani Waiyego alinikuta karibu na maji ya baraka. Aliongea Kikikuyu, lakini nitaandika kwa Kiswahili.

"Wewe umeitikia."

"Sikuwa nimesikiza, Waiyego."

"Watu kumi na tano walisikiza. Ni wewe tu hukusikiza? Mimi nililala chini ya miti mwaka ule wa fujo za kura na watoto watatu, na wewe unasema utusikie?"

Nilitaka kumwambia juu ya lile jibu lako. Nikaona aibu. Ataniambia nimerukwa na akili, kujibu badala ya maiti. Nikanyamaza. Naye akachukua kunyamaza kwangu akaenda nako.

3 Julai

Alhamisi. Zamu ilikuwa ya Rael na Kipngetich. Mwenye zamu huondoka na sanamu siku ile ile, au huja kuichukua kabla ya zamu yake. Rael hakuja jana. Leo saa kumi na moja nilivaa leso nzuri nikakaa. Hakuna mtu aliyepita. Jumuiya imekosa Alhamisi.

6 Julai

Ng'ang'a, ndugu yako, alifunga duka lake la mjini akaja na gari. Hakukaa. Alisimama pale mlangoni na viatu vyake vya mjini.

"Shemeji, nimesikia. Sikuja kukulaumu. Lakini kama jirani zako wanaomba hivyo mbele ya msalaba, wakiwa nje wanasema nini? Panga vitu. Shamba letu la Ol Kalou liko, nyumba iko."

"Na misa?"

"Misa tutasema huko."

"Mburu hayuko huko."

"Mungu atalinda kaburi. Wewe ujilinde."

Ng'ang'a si mtu mbaya. Mwaka ule alibeba mama yako mgongoni mpaka kituo cha polisi. Mtu aliyebeba mama yake mgongoni anajua anachosema. Lakini mimi pia najua ninachotaka, au nilikuwa najua. Nilimwambia nitafikiria. Alipoondoka matope yalimshika, na nani alitoka kusukuma gari? Kipngetich. Walisukuma na kusukuma, wakashukuriana kwa heshima kubwa, kama watu wa benki.

10 Julai

Alhamisi nyingine. Sanamu bado iko hapa. Nimeifunika na leso, baridi ya Julai ni kali.

11 Julai

Ile nafasi uliyoacha kwenye ua wa miti ya kayaba kati yetu na kwao, ili Rael apite bila kuzunguka barabarani, leo nimeikuta imezibwa. Matawi yenye miba, yamekatwa jana. Imezibwa kutoka upande wao.

Nilisimama hapo mpaka nikalowa. Miaka kumi na tisa hiyo njia haijazibwa. Hata mwaka ule. Mwaka ule tulipita hapo, unakumbuka, na Rael alimshika Cate mkono, Cate akiwa na kiatu kimoja.

13 Julai

Sikuenda kanisani. Nilisema ni goti.

17 Julai

Kipngetich alikuja, amezunguka barabarani, amevaa koti. Aliketi kwenye ukingo wa kiti. Aliongea juu ya mahindi mpaka yakaisha.

Kisha akasema, "Mama Cate, watu wanasema unahama."

"Nani anasema?"

"Watu. Na pia… siku ile uliitikia. Nikafikiria, huyu mama amechoka, anataka kurudi kwao. Basi nikasema nije. Kama ni kuuza, mimi jirani nisikie kwanza. Sitakuonea. Na kaburi sitaligusa, nitalizungushia waya mwenyewe."

Mburu, sikujua kama ananifukuza au ananihurumia. Niliangalia mikono yake. Ni ile ile iliyoshika jeneza upande wa mbele, siku ile mvua ilikataa kukoma, akaingia kaburini na viatu vyake vya gambuti kutoa maji kwa ndoo ili usilale kwenye maji. Na ni yeye aliyeomba vile. Ni mtu mmoja. Nimejaribu kumfanya wawili, imekataa.

Nilimwambia, "Siuzi."

Akasema, "Sawa. Basi pole." Akasimama. Aliiona sanamu imefunikwa, akaiangalia kidogo, akaenda. Hakuichukua.

20 Julai

Nilimuuliza Musimbi nilipopeleka maziwa. Nilimuuliza kwa sauti ya chini. "Mtu akisema sala kwa makosa, anaweza kuirudisha?"

"Kuirudisha vipi?"

"Kumwambia Mungu asiisikie."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Aki Mama Cate! Mungu si M-Pesa, eti umetuma kwa namba mbaya upige simu wakurudishie!" Kisha aliniona uso, akaacha. Akanishika bega. "Sasa wewe sikiza. Mimi siku ile nilinyamaza. Najua nilinyamaza kwa nini. Si kwa sababu mimi ni mwema. Niliogopa kuitikia na nikaogopa kukataa. Wewe angalau ulifungua mdomo."

"Nilifungua vibaya."

"Wengine wetu tulifunga vibaya."

Nimerudi nyumbani na hayo maneno. Sijui yananisaidia au hapana.

27 Julai

Mvua ya mawe. Mahindi upande wa juu yamelala.

31 Julai

Alhamisi. Hakuna.

3 Agosti

Fatha ametangaza kanisani, bila kutaja jina, kwamba kuna jumuiya ambayo haijakutana wiki tano. Alisema jumuiya isiyokutana haina cha kualika padri. Watu wote waliangalia mbele. Baada ya misa nilimfuata nikamuuliza, je, tarehe kumi na tatu? Akasema, "Mama, zianze tena Alhamisi zenu. Mimi nitangoja mpaka mwisho wa Agosti. Nikija kusema misa kwako na nusu wakatae kuingia boma lako, nitakuwa nimewagawanya na mkate wenyewe."

Ana haki. Lakini nani aanze? Sanamu iko kwangu. Mwenye zamu ndiye huja kuichukua. Haijawahi kupelekwa. Mtu akipelekewa ni kama anaambiwa hataki Mama Maria.

8 Agosti

Ng'ang'a amepiga simu mara tatu. Cate mara moja. Cate anasema, "Mama, wewe unataka nini?" Nilimwambia sijui. Akaniuliza kama nimekula.

14 Agosti

Leo nimetembea nyumbani nikitafuta cha kubeba, nikihama. Redio. Kofia. Kitanda hakitapita mlangoni, ulikitengenezea ndani, nakumbuka tulivyocheka. Nikatoka nyuma nikakuangalia. Nyasi zimeota vizuri juu yako.

Kitu kinachonisumbua ni hiki. Ile sala ilisemwa. Mtu aliomba, mtu akaitikia. Labda hata sasa inafanya kazi, polepole, kama maji chini ya nyumba. Labda Ng'ang'a ndiye jibu lake. Labda mvua ya mawe. Au labda Mungu alijua ni wewe ulijibu, na wewe moyo wako uko hapa hapa nyuma ya jiko, kwa hiyo hakuna wa kurudishwa. Nimefikiria hivyo mpaka kichwa kikauma. Mimi niliachia darasa la saba. Haya ni ya watu waliosoma.

21 Agosti

Alhamisi. Saa nne asubuhi niliifunga sanamu kwa leso, nikaibeba kama mtoto. Nilizunguka barabarani, kwa sababu ya ile miba. Kijana wa boda boda akasimama, "Mathe, nikupeleke?" Nikamwambia si mbali. Ilikuwa mbali.

Rael alikuwa anaosha ndoo za maziwa. Aliponiona alisimama na povu mikononi. Hatukuwa tumeongea miezi miwili.

"Mama Chebet," nikamwambia, "nimekuletea mgeni."

Aliangalia leso. Akajua. "Huwa tunakuja kuchukua," akasema.

"Najua. Hamkuja."

"Ningekujaje? Wewe ulimwaibisha mzee mbele ya watu. Wote tulinyamaza ili maneno yake yaanguke chini, yaishe. Mimi mkewe nilinyamaza! Nilimwambia baadaye vile alistahili kuambiwa. Lakini wewe uliyaokota ukayapandisha juu. Nikasema, Mama Cate ananitusi kwa upole."

Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe. Nilidhani amenichukia kwa sababu ya klipu, kwa sababu ya kabila.

"Na ndiyo maana ukaziba njia?"

"Njia gani?"

"Ya kayaba."

Aliniangalia kama nimeongea Kijaluo. "Ni ndama! Nina ndama mpya anaingia kwako kula mahindi. Nilikuzibia wewe!" Kisha akaanza kucheka na akaanza kulia, sijui ni lipi lilitangulia, na povu likamshika usoni.

Kipngetich akatokea nyuma ya zizi. Hapo ndipo nilisema. Niliwaambia vile ninavyojibu mara mbili. Vile nilikuwa mlangoni na vikombe. Vile haikuwa jibu langu, ilikuwa la Mburu, la kuchelewa.

Hakuna aliyecheka. Ndege ilipita juu ikiteremka uwanjani, tukaingoja ipite.

Kipngetich alivua kofia. "Siku ile," akasema, "sikukufikiria wewe. Wala Waiyego. Nilikuwa nawafikiria watu wa kwa simu. Nilifumba macho nikawaona hao wa simu, nikasahau ni nani wako kwa viti."

"Na mimi nikaitikia kwa mazoea."

"Miaka mingapi tunaitikia kwa mazoea?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

Rael alichukua sanamu. Jioni tulikutana, watu saba. Wa kwetu hakuna aliyekuja isipokuwa mimi. Wakati wa maombi hakuna aliyetoa ombi hata moja. Kila mtu aliogopa kinywa chake. Tulikaa kimya, mvua ikituombea kwenye mabati. Lakini ni Alhamisi. Inahesabika.

24 Agosti

Fatha amekubali.

28 Agosti

Kwa Musimbi tena, maana wa kwetu hawakuchukua zamu zao; Kituyi, mumewe, ana mafua. Watu tisa. Kimya tena.

7 Septemba

Kipngetich alienda dukani kwa Waiyego. Musimbi ndiye ameniambia. Alinunua sukari ambayo hakuihitaji, akasimama hapo. Waiyego akamwambia, "Chenji yako hiyo, Mwenyekiti. Kuna kingine?" Akasema, "Kuna kingine, lakini sijui kukisema." Waiyego akamwambia, "Basi ukijua, urudi." Na ndivyo walivyoachana. Musimbi anasema ni vizuri. Mimi sioni wapi ni vizuri.

13 Septemba

Mburu, leo ilikuwa siku yako.

Mvua ilingoja. Rael aliondoa miba asubuhi, akamfunga ndama, na viti vyote vya kwao vikapita kwenye njia yako. Ng'ang'a alikuja. Alisimama karibu na gari lake, mlango wazi. Waiyego alikuja na wale wengine wa kwetu, lakini walisimama nje ya lango, chini ya miavuli ingawa hakukuwa na mvua. Sikujua niwaite au niwaache. Niliwaacha.

Fatha aliposema, "Tutoe maombi yetu," kukawa kimya. Kimya kile kile cha wiki zote. Nilihesabu kuku wakipita. Ndipo Kipngetich akasimama. Hakufumba macho safari hii. Alituangalia mmoja mmoja, akaangalia mpaka langoni. Alisema tu:

"Mburu. Tuombe kwa Bwana."

Na mimi, Mburu, sikujibu. Wiki kumi na moja nimejifunza kuogopa kinywa changu. Rael alianza, kisha Musimbi, kisha wote, "Ee Bwana, utusikie." Ikaisha. Fatha akataka kuendelea, akafungua kitabu, na Kipngetich akainua mkono kidogo.

Wakangoja. Walingoja muda wako. Nilielewa wanangoja nini, na sikuweza. Nikasikia Musimbi akinong'ona, "Bado yuko kwa stage." Na bado wakangoja.

Ilikuja kutoka nyuma, kutoka langoni, sauti ya mwanamke, kavu, kama mtu anayelipa kitu asichotaka kulipa:

"Ee Bwana, utusikie."

Alikuwa Waiyego, lakini hakuingia. Hakunywa chai. Ng'ang'a bado anasema Ol Kalou, na Desemba nitaenda nikaone hiyo nyumba, nione tu. Sijui mwaka wa kura utakuwaje. Sijui ni nani kati yetu aliyesamehewa leo. Nilidhani misa ikisemwa nitajua, na sijui.

Lakini ile sala yangu ya Juni, kama bado iko njiani na ukaiona inapita huko, ishike kidogo. Usiiachilie mpaka nijue nilikuwa naomba nini.

Na wewe huko, wakitaja majina yetu, ujibu hata kama umechelewa. Unikumbuke.

Wacera wako